Watenda Kazi Wasimamao Sokoni

Somo: Mathayo 9:35–38 na Mathayo 20:1–8



Yako maneno mawili katika Injili ya Mathayo ambayo hatuna desturi ya kuyasoma siku moja. La kwanza twalijua wote, maana husomwa mara nyingi katika sikukuu ya misioni. Bwana Yesu azunguka mijini na vijijini akifundisha. Aona makutano, na moyo wake waingiwa na huruma, kwa sababu watu wale wamechoka na kutawanyika kama kundi lisilo na mchungaji. Ndipo awaambiapo wanafunzi wake kwamba shamba limeiva, ila mikono ya kuvuna haitoshi. Neno la pili ni lile la mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua. Alitoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata saa kumi na moja, jua likikaribia kuchwa, akawakuta wengine wangali wamesimama. Akawauliza sababu ya kusimama mchana kutwa pasipo kazi. Nao hawakusema kwamba walikuwa wagonjwa, wala kwamba ujira ulikuwa haba. Walijibu neno moja tu, kwamba hakuna mtu aliyewaajiri.

Basi yaweke maneno haya mawili pamoja, uone jinsi yanavyochoma. Shambani mavuno yaharibika kwa kukosa mikono, na sokoni mikono imekaa bure kwa kukosa mtu wa kuiita. Sidhani kama liko jambo katika nchi yetu leo lifananalo na picha hiyo kuliko habari ya walimu.

Kila mmoja wetu aijua shule yenye madarasa saba na walimu watatu au wanne. Mwalimu aandika herufi ubaoni kwa watoto wa darasa la kwanza, awaambia wazinakili, kisha atoka mbio kwenda darasa la nne. Na akirudi akuta nusu ya watoto wamelala na nusu wanapigana. Serikali imeweka kipimo cha watoto 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Lakini ziko shule, hasa za mbali na barabara, ambako mwalimu mmoja husimama mbele ya watoto mia na zaidi, nao huketi chini kwa kubanana hata asiweze kupita katikati yao kutazama madaftari. Mtoto wa namna hiyo aweza kumaliza miaka miwili shuleni asisikie jina lake likitajwa, isipokuwa siku ya kuitwa mahudhurio au siku ya kuadhibiwa.

Sababu ya kwanza ya uhaba huu ni njema, nasi tusiilalamikie. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena ilipoondolewa hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, watoto wa maskini waliingia shuleni kwa wingi kama mto wakati wa masika. Mkristo gani atasikitika kwa hilo? Ila mtoto huandikishwa kwa siku moja, na mwalimu hafanyiki kwa siku moja. Wala si nchi yetu peke yake. Shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikalo na elimu, UNESCO, limehesabu kwamba kufikia mwaka 2030 dunia itahitaji walimu wapya milioni 44, na milioni 15 katika hao ni wa nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara. Tena lasema jambo la kutazamwa sana, kwamba zaidi ya nusu ya hesabu ile ya dunia nzima ni kujaza nafasi za walimu watokao kazini. Maana yake twachota maji kwa pakacha. Twaita wapya mlangoni, na wa zamani watoka dirishani.

Na huku sokoni je? Huko wamesimama vijana wetu waliohitimu vyuo vya ualimu, wenye vyeti mkononi, wakingoja ajira mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano. Wengine waendesha bodaboda, wengine wauza vocha za simu, wengine wamerudi kulima kwa baba zao. Wamo katika kwaya zetu. Jumapili twawaona, twawapa mkono mlangoni, na kuwauliza, «Habari za kazi?» Nao hucheka tu.

Katika Kanisa nako hali ni hiyo hiyo, tena wakati mwingine ni mbaya zaidi, kwa maana huko hakuna hata wa kuhesabu. Mwinjilisti mmoja ashika mitaa miwili. Darasa la kipaimara huahirishwa wiki tatu mfululizo. Kipindi cha dini shuleni, ambacho tumepewa na nchi bure, hupita pasipo mtu wa kuingia darasani, na watoto wa sharika zetu wapelekwa nje kufyeka majani.

Bwana alisema nini alipoliona shamba? Hakuanza kwa kulaumu. Aliwaambia wanafunzi wamwombe mwenye mavuno apeleke watenda kazi. Watu wengi husimama hapo, hufunga Biblia, na kusema, «Basi, tutaliombea jambo hili.» Lakini fungua ukurasa ufuatao. Sura ya tisa yaisha kwa agizo la kuomba. Sura ya kumi yaanza kwa Bwana kuwaita wale kumi na wawili, nayo yawataja kwa majina mmoja mmoja, kisha yasema kwamba hao ndio aliowatuma. Walioambiwa waombe ndio waliotumwa. Ndiyo maana naogopa kidogo nisikiapo maombi marefu ya kuombea walimu katika usharika ambao haujawahi kumfikishia mwalimu hata debe la mahindi. Aombaye maombi hayo na ajue kwamba jina lake laweza kutajwa katika sura ifuatayo.

Nianze na hao walioko tayari kazini, kwa kuwa ni upumbavu kuita wageni katika nyumba ambayo wenyeji wake wanaikimbia.

Katika usharika mmoja nyikani, ambao sitautaja, alipelekwa binti mmoja kufundisha shule ya kijiji. Ilikuwa ajira yake ya kwanza, naye alitoka mbali, hakuijua lugha ya wenyeji. Nyumba ya mwalimu haikuwapo. Alipewa chumba kilichopakana na kilabu cha pombe, mlango wake haukuwa na komeo, na maji alichota mbali pamoja na wanafunzi wake, wakimpisha kwa aibu kisimani. Mshahara wake wa kwanza ulichelewa, naye akakopa unga dukani. Hakuna mzee wa kanisa aliyemtembelea. Walidhani mwalimu mkuu amefanya hivyo, na mwalimu mkuu alidhani wazee wamefanya hivyo. Baada ya mihula michache akaomba uhamisho, akapata. Ndipo siku ya kuondoka kwake watu wakakusanyika, wakahutubu, na kumpa mbuzi. Mbuzi mzuri sana. Mimi husema kwamba mbuzi yule alifika akiwa amechelewa. Angalifika katika juma lile la kwanza, pamoja na komeo la mlango, huenda binti yule angalikuwa anafundisha pale hata leo.

Ndugu zangu, tumezoea kutumia neno moja zuri kwa njia mbaya, nalo ni neno «wito». Mwalimu akisema hana pa kulala, twamjibu kwamba ualimu ni wito. Akisema amechoka kufundisha madarasa matatu kwa saa moja, twamjibu ni wito. Nimetazama, nikaona kwamba watu walipendao sana neno hilo ni wale wasiotaka kutoa kitu. Paulo, mtume wa Bwana, alikuwa na wito kuliko sisi sote, naye ndiye aliyewaandikia Wagalatia, katika sura ya sita, kwamba afundishwaye na ampe mwalimu wake sehemu ya vitu vyote vyema alivyo navyo. Naye awakumbusha Wakorintho ile sheria ya Musa iliyomkataza mkulima kumfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka. Wito hutoka kwa Mungu, lakini mahindi hutoka katika ghala yetu. Mungu hakusema kwamba kwa sababu Yeye ameita, sisi tuweze kufunga ghala.

Hata baba yetu Luther alilinena jambo hili kwa ukali. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuwataka waanzishe shule na kuzitunza. Aliwauliza jinsi waonavyo vyepesi kutoa fedha kila mwaka kwa silaha, na barabara, na madaraja, na mabwawa, wasione vyepesi kumlipa mtu mmoja au wawili wawafundishe watoto wa mji. Mwaka 1530 akatoa hotuba nyingine kuwasihi wazazi wasiwaondoe watoto wao shuleni, na humo akakiri kwamba kama angalazimika kuiacha kazi ya kuhubiri, hakuna kazi angaliyoipenda kuliko kufundisha watoto. Hakuyatoa maneno hayo kichwani tu. Katika mwaka 1528 alikuwa ametembelea sharika za Saksonia pamoja na wakaguzi wengine, akakuta watu wa vijijini hawajui hata Baba Yetu, na wachungaji wengine hawawezi kufundisha. Katekisimo Ndogo, ambayo tuliishika kwa moyo tulipokuwa watoto, ilitoka katika majonzi ya safari ile. Ilichapwa mwaka 1529. Yaani kitabu chetu kipendwacho kilizaliwa na uhaba wa walimu. Mlutheri asemaye kwamba habari za walimu si habari za Kanisa, sijui alikipata wapi kipaimara chake.

Basi wazee wafanye nini? Mambo si makubwa. Waulize shuleni, mwezi Desemba, kama mwalimu mpya atakuja Januari. Wamtafutie chumba chenye mlango. Mama mmoja wa kikundi cha akina mama apewe kazi ya kumpokea kama mtoto wake, hata kama mgeni ni Mwislamu au wa Kanisa lingine, maana atakaowafundisha ni watoto wetu wote. Mahindi na kuni za mwezi wa kwanza zitoke katika sadaka ya mavuno. Na usharika wenye mafundi ukubali kusimama pamoja na serikali ya kijiji kujenga nyumba ya mwalimu, matofali kwa matofali, kama tulivyojenga kanisa. Hayo yatosha kwa sehemu hii.

Lakini tumbo likishiba, bado moyo waweza kuchoka, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Mwalimu mpya hutoka chuoni akiwa amejifunza mengi, kisha hufungiwa mlango wa darasa yeye na watoto themanini. Hakuna amwonaye akikosea, wala amwonaye akifanya vema. Someni Matendo ya Mitume, sura ya kumi na nane, habari za Apolo. Alikuwa mtu wa Iskanderia, msemaji hodari, mwenye maarifa mengi katika Maandiko, tena mwenye bidii. Ila elimu yake ilikuwa na upungufu, kwa maana aliujua ubatizo wa Yohana tu. Akaanza kunena kwa ujasiri katika sinagogi la Efeso. Walikuwapo hapo watu wawili, mke na mume, Prisila na Akila, washona mahema. Walimsikia, wakauona upungufu wake. Walifanya nini? Hawakusimama kumkatiza mbele ya watu. Hawakwenda sokoni kusema, «Mwalimu wa siku hizi hajui kitu.» Hawakuandika barua kwa wakubwa. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Na baadaye Apolo alipotaka kwenda Akaya, ndugu walimwandikia barua ya kumsindikiza, naye akawa msaada mkubwa kwa walioamini huko.

Tazama mpango wote huo. Wa kwanza ni kusikiliza, kwa kuwa walikuwamo sinagogini na walimsikia kwa masikio yao. Wa pili ni kumtoa mahali pa aibu na kumleta mahali pa chakula. Kisha kumfundisha, kwa mtu aliye tayari na ufundi wake. Na mwisho kumwachilia aende na kumsifu kwa barua. Nao hawakuwa watu wa cheo. Walikuwa mafundi wenye mikono migumu. Na Luka, anapoitaja kazi hii ya kumfundisha mwalimu, amtaja mwanamke kwanza.

Ninyi walimu mliostaafu, neno hili ni lenu. Katika sharika nyingi mwajaza viti vya mbele. Mmeshika ubao miaka thelathini na zaidi. Mkafika umri wa miaka 60, mkapewa barua na kukabidhi funguo. Na tangu siku ile hakuna mtu aliyewauliza neno juu ya kazi yenu, ila mlipohitajika kuwa makatibu wa harusi. Nanyi mmesimama sokoni. Nendeni kwa mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, kwa heshima, mkamwombe ruhusa. Mketi nyuma ya darasa la kijana yule mara moja kwa juma. Msome naye andalio la somo kabla hajaingia, si baada ya kuanguka. Mwonyesheni jinsi ya kuwagawa watoto themanini katika makundi, jinsi ya kumpa mtoto mkubwa kazi ya kuwasomea wadogo, jinsi ya kusahihisha madaftari pasipo kukesha. Mambo hayo hayakuandikwa vizuri katika kitabu chochote. Yamo katika mifupa yenu, nayo yatazikwa pamoja nanyi msipoyatoa. Serikali nayo ina mafunzo yake kwa walimu walioko kazini, yaitwayo MEWAKA, ambayo huwataka walimu wakutane shuleni mwao na kufundishana. Ni mpango mwema. Lakini shule yenye walimu watatu wote wapya watafundishana nini, asipokuwapo mzee kati yao?

Neno moja kwa wazee hao, nalo ni kwa upendo: msiende kutafuta kuheshimiwa. Musa alipoelemewa na watu jangwani, hata akamwomba Mungu afe kuliko kuendelea vile, Mungu alimpa wazee sabini wa kuuchukua mzigo pamoja naye, akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu ya Musa na kuiweka juu yao. Wawili kati yao wakatabiri kambini, si hemani. Yoshua akaona wivu kwa ajili ya bwana wake, akataka wakatazwe. Lakini Musa alitamani watu wote wa Bwana wawe manabii. Mlezi wa kweli hufurahi kijana afundishapo vizuri kuliko yeye. Aonaye uchungu hapo, na akae nyumbani kwanza aombe.

Wako watu wasemao kwamba ualimu si kazi ya kuleana, kwamba ama mtu anajua ama hajui. Hao wamesahau historia ya nchi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote wapate elimu ya msingi ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafundisha huku wakijifunza, kwa masomo ya posta, kwa redio, na chini ya uangalizi wa walimu waliowatangulia. Watu wengi huwacheka hata leo. Mimi siwacheki, kwa maana mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma, na kwa kusoma huko nikaifikia Biblia. Walakini walio wazee waweza kutueleza tofauti: kijana aliyepata mwalimu mzoefu wa kumwongoza alifanyika mwalimu, na kijana aliyeachwa peke yake porini alikonda, yeye na darasa lake.

Sasa nije kwa hao ambao bado hawajaitwa.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya tatu, twasoma habari ya mtoto aliyelala hekaluni. Bwana alimwita, naye akamkimbilia Eli, akidhani ni mzee aliyemwita. Mara tatu alikimbia. Andiko lasema kwamba Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Aliisikia sauti, ila hakujua ni ya nani. Ni nani aliyetambua? Eli. Na Eli yule macho yake yalikuwa yameingia giza, wanawe mwenyewe walikuwa wameharibika, na nyumba yake ilikuwa karibu kuhukumiwa. Hata hivyo mzee yule aliweza kufanya jambo moja ambalo mtoto hakuweza kujifanyia: kumwambia kwamba sauti aisikiayo ni sauti ya Mungu, na jinsi ya kuijibu.

Watoto wetu waitwa usiku kama Samweli, nao wakimbilia kwetu. Binti awakusanya wadogo zake chini ya mwembe, aandika kwa mkaa ukutani, awafundisha kuhesabu, wala hakuna aliyemtuma. Kijana wa darasa la kipaimara amweleza mwenzake amri ya nne kwa maneno mepesi kuliko ya mchungaji. Hiyo ndiyo sauti. Na sisi akina Eli twawajibu nini? Mara nyingi twasema, «Wewe una akili, usije ukaishia ualimu.» Neno hilo nimelisikia katika nyumba za Wakristo wacha Mungu, mezani, baada ya sala. Na yule aliyepata alama za chini twamwambia, «Basi jaribu hata ualimu.» Hata ualimu! Twamtolea Mungu mwana-kondoo kilema, kisha twashangaa madhabahu haina moshi. Yethro, mkwewe Musa, alipomshauri kuchagua wasaidizi, alimwambia atafute watu hodari, wamchao Mungu, wa kweli, wachukiao mapato ya udhalimu. Hakumwambia awakusanye waliokosa kazi nyingine.

Ualimu haukuwa kazi ya makombo katika Kanisa hili. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mwaka 1902, yaani miaka tisa tu baadaye, shule ya kuwalea walimu ikaanzishwa Moshi ya Kale, nayo ikahamishiwa Marangu mwaka 1912. Kisha vita ikaja. Ilipokwisha, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini, na wale wa mwisho wa Kilimanjaro wakaenda mwaka 1920. Watu wa nje walidhani sharika zitakufa. Hazikufa, kwa kuwa walimu walikuwapo. Walifungua shule asubuhi, wakafundisha ubatizo jioni, wakazika wafu na kuongoza ibada, na wengi wao hawakupata mshahara wa kutosha kununua shati. Kwa miaka ile mwalimu ndiye aliyekuwa Kanisa. Wala viongozi wetu wakuu hawakutoka mahali pengine. Askofu Stefano Moshi, mkuu wa kwanza wa Kanisa letu lilipounganika mwaka 1963, alishika chaki kabla ya kuvaa joho. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, naye alikuwa mwalimu. Na taifa zima, lilipotafuta jina la heshima kwa kiongozi wake wa kwanza, halikuona kubwa kuliko «Mwalimu».

Wazazi wataniuliza, «Mchungaji, tumpeleke mtoto kusoma ualimu, kisha asimame sokoni pamoja na hao uliowataja?» Swali hilo ni la haki, wala silijibu kwa maneno ya juu juu. Ajira zote za nchi hazimo mikononi mwetu. Lakini kiasi kimo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozitia shule zetu mikononi mwa Serikali, wengi wetu tulitia na moyo wetu humo, tukasema mwalimu ni wa Serikali. Naam, barua yake ni ya Serikali. Ila mtoto akaaye mbele yake alibatizwa kwetu, na siku ile usharika wote uliahidi kumlea. Ahadi ile haikuchukuliwa na sheria yoyote.

Basi kamati ya shule na mwalimu mkuu wakikubali, na taratibu za halmashauri zikifuatwa, usharika waweza kumtwaa mmoja wa hao walio sokoni, akafundishe kwa kujitolea, nao wampe posho. Sharika mbili zaweza kushirikiana katika mmoja. Aliyesomea ualimu na aingizwe katika kipindi cha dini na shule ya Jumapili pia, alipwe nauli yake, asiambiwe kwamba Bwana atamlipa. Na mtoto wa maskini aliyeonekana kuwa na kipawa hicho na akili ya kutosha, asaidiwe ada ya chuo, kwa maandishi, na mzee mmoja awekwe kumfuatia mpaka amalize.

Lakini wazee wasiahidi posho wasiyo nayo. Ni heri shilingi chache zitolewazo kila mwezi kuliko nyingi zitangazwazo madhabahuni mara moja, watu wakapiga vigelegele, kisha kijana akamfuata mtunza hazina miezi mitatu kama mdai. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, sura ya kumi na tisa, yakataza ujira wa kibarua kukaa kwetu usiku kucha hadi asubuhi. Na yule mwenye shamba la mizabibu, kulipokuchwa, alimwita msimamizi wake siku ile ile, akamwagiza awaite wafanya kazi na kuwalipa, akianza na wale waliokuja saa kumi na moja, ambao walikuwa wamengoja kuliko wote.